Kurudia Kemotherapia Baada ya Mapumziko: Somo kwa Wenye Saratani ya Utumbo Mpana Iliyosambaa



Leo katika safu yetu ya afya tutazungumzia jambo linalowasumbua wagonjwa wengi wa saratani ya utumbo mpana pamoja na ndugu zao. Mgonjwa anatibiwa kwa kemotherapia miezi kadhaa, anapata nafuu, daktari anamwambia apumzike dawa. Baada ya muda picha inaonyesha uvimbe umeanza kukua tena, na daktari anataka kumrudishia dawa zile zile. Hapo mgonjwa anajiuliza: "Kama dawa ilifanya kazi, mbona ugonjwa umerudi? Na kama haikufanya kazi, kwa nini nirudishiwe?"

Ni swali la haki kabisa. Wapo wanaolikosea jibu, wakakataa kurudi hospitali wakati dawa bado ingeweza kuwasaidia. Kwa hiyo tulitoe jibu mapema: ugonjwa kukua wakati umepumzika dawa si sawa na dawa kushindwa. Tafadhali soma taratibu, na kama unamjua mtu linayemhusu, mchapishie umpe.

MANENO YA KUFAHAMU KWANZA

Saratani ya utumbo mpana iliyosambaa ni ile iliyotoka kwenye utumbo mpana au puru (sehemu ya mwisho ya utumbo) ikafika viungo vingine, mara nyingi ini au mapafu. Wachache hufanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe hata huko ilikosambaa, na hao wanaweza kupona. Kwa wengi, lengo la tiba ni kuuzuia ugonjwa, kurefusha maisha na kupunguza mateso. Somo letu la leo ni kwa hawa wa kundi la pili.

Dawa zinazotumika sana ni hizi:

1. Fluorourasili, ambayo hospitali huiita 5-FU. Hutolewa kwa dripu, na mara nyingi mgonjwa huenda nayo nyumbani ndani ya kichupa chenye pampu kwa saa 46 hivi.
2. Kapesitabini. Hivi ni vidonge, na mwilini hugeuka kuwa 5-FU.
3. Oksaliplatini. Ni dripu, nayo ndiyo inayoleta ganzi ya vidole na kuogopa vitu vya baridi.
4. Irinotekani. Ni dripu, na sifa yake mbaya ni kuharisha.

Kwa kawaida huchanganywa mbili au zaidi. Oksaliplatini pamoja na 5-FU huitwa FOLFOX na hutolewa kila baada ya wiki mbili. Oksaliplatini pamoja na kapesitabini hutolewa kila baada ya wiki tatu.

KWA NINI DAKTARI ANAKUPUMZISHA?

Sababu kubwa ni kwamba dawa hizi haziui saratani peke yake, zinamchosha na mwenye mwili. Oksaliplatini hujilimbikiza kwenye mishipa ya fahamu. Mwanzoni ganzi huja siku chache na kuondoka. Dozi zikizidi, ganzi inabaki. Mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati, kushika sindano au kutembea bila kujikwaa. Tena baada ya dawa kusimamishwa, ganzi inaweza kuongezeka kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kupungua. Kwa hiyo daktari mwenye busara haisubiri ifike huko.

Mapumziko ni ya namna mbili:

- Mapumziko kamili: dawa zote zinasimama, unabaki kwenye uangalizi wa vipimo.
- Mapumziko ya nusu: ile dawa kali, kwa kawaida oksaliplatini, inasimama, unabaki na dawa nyepesi kama vidonge vya kapesitabini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuna mama wa miaka 58 anayeishi Leicester, saratani yake imefika kwenye ini. Amepata FOLFOX kwa miezi mitatu, uvimbe umepungua, lakini vidole vimeanza kufa ganzi na hawezi kushika sufuria. Daktari anampumzisha. Miezi mitano anakula vizuri, anapika, anakwenda harusini. Mwezi wa sita picha inaonyesha uvimbe wa ini umekua. Mama anasema, "Basi, dawa imeshindwa, niacheni nipumzike."

Je, ni kweli dawa imeshindwa?

DAWA ILIYOSHINDWA NA DAWA ILIYOSIMAMISHWA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ukilima shamba ukaacha kupalilia kwa sababu mikono imetoka malengelenge, magugu yakiota tena huwezi kulaumu jembe. Jembe lilikuwa linakata. Uliliweka chini ili mikono ipone.

Dawa *imeshindwa* pale uvimbe unapokua wakati unaendelea kuitumia. Maana yake chembe za saratani zilizobaki zimeizoea, na kuirudia peke yake mara nyingi hakusaidii. Lakini kama uvimbe ulipungua au ulitulia, kisha dawa *ikasimamishwa* kwa sababu ya ganzi au uchovu, basi nyingi ya chembe zinazokua sasa huenda bado zinadhurika na dawa ile ile. Ndiyo maana daktari anataka kuirudia.

Muda nao una maana. Ukipumzika miezi sita au zaidi kabla uvimbe haujakua, matumaini ya dawa kufanya kazi tena huwa makubwa zaidi. Uvimbe ukikua wiki chache tu baada ya kusimama, daktari anaweza kuamua kubadilisha dawa.

Yule mama wa Leicester, basi, dawa yake haijashindwa. Ilisimamishwa.

UTAFITI UNASEMA NINI?

Tusiende kwa maneno matupu. Jambo hili limechunguzwa kwa wagonjwa wengi.

Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa OPTIMOX1, wenye wagonjwa 620. Kundi moja lilipata FOLFOX moja kwa moja mpaka ugonjwa ukue. Kundi la pili lilipata dozi sita za FOLFOX kali zaidi, oksaliplatini ikasimamishwa, wakabaki na dawa nyepesi, kisha oksaliplatini ikarudishwa. Muda wa kuishi haukutofautiana sana: miezi 19.3 na miezi 21.2 kwa kipimo cha katikati, yaani nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya hapo na nusu chini ya hapo. Kati ya waliorudishiwa oksaliplatini, takriban 7 katika kila 10 uvimbe wao ulipungua au ulitulia. Lakini tuseme ukweli wote: waliofika hatua ya kurudishiwa walikuwa kama 4 tu katika kila 10. Wengine hawakurudi kwenye dawa hiyo kwa sababu mbalimbali.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa COIN, uliofanyika Uingereza na Ireland. Wagonjwa 1,630 waligawanywa: nusu waliendelea na dawa bila kusimama, nusu walipata dawa wiki 12, wakapumzika kabisa, wakarudia ugonjwa ulipokua. Kipimo cha katikati cha kuishi kilikuwa miezi 15.8 kwa waliopata dawa mfululizo na 14.4 kwa waliopumzika. Kwa hiyo mapumziko kamili yanaweza kuwa na gharama kidogo ya muda. Waliopumzika walipata nafuu ya madhara na siku chache za hospitali. Watafiti waliona pia kwamba wale ambao mwanzoni kabla ya tiba chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) zilikuwa 400 au zaidi kwenye kipimo chao, ndio walioumizwa zaidi na mapumziko kamili. Wasiokuwa na idadi hiyo ya juu, hasara yao ilikuwa ndogo.

Mwaka 2015 utafiti wa CAIRO3 wa Uholanzi, wenye wagonjwa 558, ulionyesha kwamba waliobaki na dawa nyepesi walikaa miezi 8.5 kabla ugonjwa haujakua, na waliopumzika kabisa walikaa miezi 4.1. Mwaka 2021 utafiti mwingine wa Uingereza, FOCUS4-N, ukaonyesha kwamba vidonge vya kapesitabini viliuchelewesha ugonjwa kukua, lakini muda wa kuishi kwa jumla haukutofautiana na wa waliopumzika kabisa.

Ndugu msomaji, hesabu hizi ni za makundi, si za mtu mmoja mmoja. Zisomwe kwa maana moja: mapumziko ni sehemu ya tiba, siyo mwisho wake, na mwenye kupumzika lazima awe tayari kurudi. Anayepumzika halafu akapotea amechukua nusu ya mpango na kuiacha nusu nyingine.

WAKATI WA MAPUMZIKO UFANYE NINI?

*Usikose vipimo.* Kwa kawaida unapigwa picha ya skani kila baada ya miezi miwili au mitatu, na damu hupimwa alama ya saratani inayoitwa CEA. Uvimbe unaweza kukua bila maumivu yoyote. Usiseme "sijisikii vibaya, nitakwenda mwezi ujao."

*Usisubiri miadi ukiona dalili hizi:* kupungua uzito, macho kuwa ya njano, tumbo kuvimba, kutapika na kushindwa kupata choo, au damu kwenye choo. Piga simu kwa nesi wako wa saratani.

*Kama unataka kwenda nyumbani.* Wengi huutumia muda huu kwenda kuwaona wazee, na hilo ni jambo jema. Panga na daktari ili uondoke baada ya kipimo na urudi kabla ya kinachofuata. Chukua barua yenye majina ya dawa ulizopata, dozi na tarehe. Ukiugua ukiwa huko, barua hiyo itamsaidia daktari wa Ocean Road Dar es Salaam, Kenyatta Nairobi au Mulago Kampala kujua pa kuanzia. Uliza kuhusu dawa ya kuzuia malaria. Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, haitolewi wakati wa kemotherapia wala miezi kadhaa baada yake, kwa hiyo ongea na daktari mapema kabla hujakata tiketi. Kama una mpira wa dawa kwenye mkono au kifuani, uliza nani atausafisha ukiwa safarini. Saratani huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hivyo kwenye ndege simama, tembea, kunywa maji.

*Dawa za miti shamba.* Hatuwadharau wazee wetu. Lakini usitumie chochote kimya kimya, hasa ukikaribia kurudia dawa, kwa sababu ini ndilo linalosafisha vyote. Hata vidonge vya asidi foliki vya dukani vinaweza kuongeza makali ya kapesitabini. Vitaje vyote.

KABLA YA KUANZA TENA: MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Yaandike kwenye karatasi uende nayo.

1. Je, uvimbe wangu ulipungua au ulitulia mara ya kwanza? Kwa muda gani?
2. Tunarudia dawa ile ile, au tunabadilisha? Kwa nini?
3. Ganzi yangu ya sasa inaniruhusu kupata oksaliplatini tena? Kama hairuhusu, je, irinotekani inafaa?
4. Uvimbe wangu umepimwa RAS, BRAF na MSI? Vipimo hivi vinaonyesha kama kuna dawa nyingine zinazokufaa, kama zile za kingamwili. Wachache wenye MSI ya juu hufaidika sana na dawa zinazoamsha kinga ya mwili.
5. Nimepimwa DPD? Hiki ni kimeng'enya kinachoivunja 5-FU mwilini. Mwenye upungufu wake anaweza kudhurika vibaya, hata kufa. Uingereza kipimo hiki kilianza kufanywa kama kawaida mwaka 2020, kwa hiyo aliyetibiwa kabla ya hapo huenda hakupimwa. Jua pia kwamba kipimo kilichozoeleka kilitafuta zaidi mabadiliko ya vinasaba yanayoonekana kwa watu wa asili ya Ulaya. Yapo mabadiliko mengine yanayoonekana kwa watu wa asili ya Afrika. Uliza kama kipimo chako kinayahusisha.
6. Nimepimwa homa ya ini aina ya B? Ni ugonjwa ulioenea kwetu, wengi wanao bila kujua, na kemotherapia inaweza kuuamsha.
7. Masharti ya malipo ya dawa yakoje? Hili liulize *kabla ya kupumzika*, kwa sababu baadhi ya dawa za gharama kubwa zina kanuni kuhusu urefu wa mapumziko.

Na wewe mwambie daktari ukweli: kama mara ya kwanza uliharisha kupita kiasi, ulitoka vidonda vya mdomo, au ulipata maumivu ya kifua. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za kuzuia damu kuganda, za kifafa na za ARV. Usifiche ARV kwa kuona haya. Baadhi ya dawa hugongana, na daktari hawezi kupanga asichokijua.

HATARI ZA MARA YA PILI

Usidhani kwamba kwa kuwa uliivumilia mara ya kwanza, mara ya pili itakuwa hivyo hivyo.

*Mzio wa oksaliplatini.* Huu ndio wa kuangalia zaidi. Kwa kawaida hauji dozi ya kwanza, unakuja baada ya dozi kadhaa, kwa sababu mwili umekwisha kuijua dawa. Anayerudia yuko kwenye hatari hiyo. Dripu ikiwa inaingia, ukisikia viganja vinawasha, uso unapata joto, kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi au moyo unakwenda mbio, *mwite nesi saa ile ile*. Usivumilie kwa kuona haya kumsumbua.

*Ganzi kurudi upesi.* Mishipa haijasahau. Mwambie daktari kila mara mambo unayoshindwa kuyafanya kwa mikono, asisikie tu "nina ganzi kidogo." Wakati wa baridi vaa glavu na funika mdomo kwa skafu. Usiguse vitu vya friji, na kunywa chai au maji ya uvuguvugu.

*Homa.* Nunua kipimajoto. Kikifika nyuzi 37.5 au 38, kufuatana na kadi uliyopewa hospitali, piga namba ya dharura iliyo kwenye kadi hiyo muda wowote, hata saa nane za usiku. Pima kabla ya kumeza paracetamol, maana inaficha homa. Maambukizi wakati seli nyeupe zimeshuka yanaweza kuua kwa saa chache.

*Kuharisha.* Ukiharisha mara nne au zaidi kwa siku kuliko kawaida yako, au usiku, piga simu. Kama unameza kapesitabini, acha vidonge mpaka uongee na hospitali.

*Maumivu ya kifua* ukiwa kwenye 5-FU au kapesitabini: acha vidonge, na ukiwa Uingereza piga 999.

*Viganja na nyayo.* Vijitabu husema ngozi itakuwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Utaona viganja vinazidi kuwa vyeusi, vinauma, vinachubuka. Waonyeshe.

KWA NDUGU WA MGONJWA

Tunalo desturi la kumficha mgonjwa habari zake kwa huruma. Lakini huku mgonjwa ndiye anayetia sahihi, na asiyejua kuwa yuko mapumzikoni hatajua kwa nini anatakiwa kurudi. Msimtumie mtoto wa shule kuwa mkalimani wa habari nzito. Omba mkalimani wa Kiswahili, katika hospitali za NHS hulipi kitu. Kwa wanaoishi England, mgonjwa wa saratani ana haki ya kupata dawa bure kwa cheti cha msamaha, utaratibu ulioanza Aprili 2009. Muulize GP fomu yake.

Na kama mgonjwa, baada ya kuelewa yote, anaona mwili umechoka na hataki kurudia, huo ni uamuzi wake wa halali. Kuna timu za kutuliza maumivu na kumhudumia nyumbani. Tunachotaka ni uamuzi huo usijengwe juu ya kosa la kudhani dawa imeshindwa wakati haijashindwa.

KWA KUMALIZIA

Tumrudie mama yetu wa Leicester. Kabla hajasema "niacheni", anayo haki ya kujua mambo matatu: uvimbe wake ulipungua mara ya kwanza, amekaa karibu miezi sita bila dawa, na ganzi yake imepungua. Hayo yote ni hoja za kujaribu tena, kwa uangalizi, na kwa ruhusa ya kusimama tena akichoka. Akishajua hivyo, akikubali au akikataa, amechagua kwa macho yaliyo wazi.

Somo hili ni la kukuelimisha, halichukui nafasi ya daktari anayekuona. Lichapishe, pigia mstari panapokuhusu, uende nalo kwenye miadi yako.

Tunawatakia wagonjwa wote nafuu, na wanaowauguza tunawaombea nguvu. Tuonane katika somo lijalo, Mungu akipenda.